Nyumba ya Momella: Uhakiki wa Filamu ya "Hatari!"

Filamu ya "Hatari!" ilitolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1962. Mwongozaji wake alikuwa Howard Hawks, Mmarekani ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kujipatia sifa kubwa katika kazi hiyo. Picha zake za nje zilipigwa Tanganyika, mwishoni mwa mwaka 1960 na mwanzoni mwa 1961, na makao ya hadithi ni Momella, mahali palipo kati ya Mlima Meru na Kilimanjaro. Mtu asimamapo hapo asubuhi isiyo na mawingu, akatazama upande wa mashariki, hukiona kilele cha Kibo. Jina la filamu ni neno letu, na mlima huo ni mlima wetu. Kwa hiyo yatupasa sisi tukaao Moshi na miteremkoni kuipima kama tupimavyo kazi nyingine yoyote ya sanaa: imeahidi nini, nayo imetimiza nini? Maoni yangu ni kwamba imeahidi mengi na kutimiza machache. Upungufu huo hautokani na wachezaji wala na kamera. Unatokana na namna ilivyojengwa nyumba ambayo hadithi yote inakaa ndani yake.

Hadithi yenyewe ni nyepesi, ingawa filamu ni ndefu na yachukua zaidi ya saa mbili na nusu. Watu wa mataifa mbalimbali wanakaa pamoja katika nyumba moja ya shambani, kazi yao ikiwa kukamata wanyama wa porini wangali hai, ili wauzwe kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Kiongozi wao ni Sean Mercer, Mmarekani, anayechezwa na John Wayne. Pamoja naye yuko Mjerumani Kurt, aliyekuwa zamani dereva wa magari ya mashindano, anayechezwa na Hardy Krüger; yuko Luis wa Meksiko, aliyepata kupigana na mafahali; yuko Pockets, aliyekuwa dereva wa teksi huko New York; kisha anakuja Chips, kijana wa Kifaransa, hodari wa kulenga shabaha. Mwenye mali ni Brandy, msichana aliyerithi kazi hiyo kwa baba yake, ambaye aliuawa na kifaru. Mwisho anatokea Dallas, mpiga picha kutoka Italia, naye anachezwa na Elsa Martinelli. Nyumba ya Momella, basi, ni kama bweni la mataifa. Kila mmoja amekuja na lugha yake, tabia zake na mambo yake ya nyuma, wote wako mbali na kwao, nao wanakula meza moja.

Haki yake tuipe kwanza. Mbio za kukamata wanyama ni kazi ya ustadi mkubwa. Wachezaji walifanya wenyewe sehemu kubwa ya kazi hiyo, na macho ya mtazamaji hayawezi kudanganyika: gari linaruka kweli juu ya mashimo, vumbi ni vumbi la kweli, na kifaru anapoligonga gari ubavuni, hofu inayoonekana usoni mwa watu si ya kuigiza. Mpiga picha Russell Harlan alipendekezwa kupewa tuzo ya Oscar kwa kazi hii, na alistahili. Muziki wa Henry Mancini, hasa ule wa watoto wa tembo, ulienea duniani kote. Tena filamu hii ni kumbukumbu. Vifaru weusi walikuwa wengi katika nyika zetu siku zile. Katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwamaliza karibu wote. Leo mtaalamu wa wanyama hangekubali mbio ndefu kama zile, kwa kuwa imekwisha kujulikana kwamba mnyama akikimbizwa kupita kiasi aweza kufa hata baada ya kufunguliwa kamba. Na pale watoto wa tembo wanapokimbia mjini Arusha wakimtafuta Dallas, twaiona barabara ya mji wetu jirani kama ilivyokuwa miaka ile. Mambo hayo yote yana thamani.

Walakini jina la filamu ni ahadi, na yafaa tuulize hatari iko wapi. Iko nyikani tu. Gari lirudipo barazani, hatari huishia pale pale mlangoni. Ndani ya nyumba mna maswali matatu: Brandy atampenda nani kati ya Kurt, Chips na Pockets, Sean atakubali lini kwamba anampenda Dallas, na Pockets ataanguka wapi tena ili tucheke. Mwanzoni mwa filamu mwenzao mmoja, aitwaye Mwindi kwa sababu ya damu yake ya wenyeji wa Amerika (ingawa anachezwa na Mzungu, Bruce Cabot), anachomwa pembe na kifaru, anapona. Baadaye Kurt na Chips wanarudi wamejeruhiwa kwa ajali ya gari, nayo ajali hiyo inatumika tu kutuonyesha kwamba moyo wa Brandy uko kwa Pockets. Hapana mtu anayepoteza kitu asichoweza kukipata tena. Mtazamaji aliyekaa saa mbili na nusu ana haki ya kujiuliza kwa nini watu waliokusanywa kutoka pande zote za dunia hawana neno zito la kuambiana.

Nafasi ya neno zito ilikuwapo, tena Hawks mwenyewe aliiweka. Chips anapokuja hospitalini kuomba kazi ya mtu aliye kitandani, Kurt anakasirika na kumpiga. Muda si muda daktari anahitaji damu ya namna isiyopatikana kwa urahisi, na mwenye damu hiyo ni Chips. Mjerumani amempiga Mfaransa, na Mfaransa anatoa damu yake kumwokoa rafiki wa Mjerumani. Ilikuwa miaka 15 tu tangu Vita vya Pili vya Dunia kumalizika. Mtunzi mwenye subira angeliweza kujenga filamu nzima juu ya mwanzo huo: vijana wawili ambao baba zao huenda walipigana, wakitazamana katika nchi ya watu wengine, ambayo Wajerumani waliitawala kabla ya Waingereza. Hawks anaumaliza ugomvi huo kwa masihara, kisha anawaacha vijana wake wamshindanie msichana.

Wala haifai kusema kwamba hakuwa na uwezo. Mwaka 1939 alitengeneza filamu ya "Only Angels Have Wings", juu ya marubani wanaopeleka barua juu ya milima ya Amerika ya Kusini, nao pia wanakaa pamoja katika nyumba moja, ugenini. Huko rubani mmoja anakufa mapema katika hadithi, na wenzake inawabidi kula, kunywa na kuimba wakiwa na msiba huo vifuani. Hatari imeingia mlangoni nayo imeketi mezani. Kwa hiyo twajua kwamba mwongozaji huyu alifahamu jinsi ya kuipa nyumba uzito. Kama Momella imekosa uzito, sababu yake itafutwe Momella.

Sababu hiyo naiona katika neno moja la hadithi yenyewe: Brandy amerithi kwa baba yake. Filamu haiulizi baba yake alipata kwa nani. Inatuonyesha nyika pana, mlima nyuma yake, wanyama mbele yake, na nyumba moja katikati, kana kwamba mahali hapo palikuwa pakiwangoja watu hao tangu kuumbwa. Lakini ardhi hiyo ilikuwa na kesi. Momella ilikuwa imekaliwa na walowezi wa Kijerumani tangu zama za utawala wao. Na jirani kabisa na Momella, katika Engare Nanyuki, mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 ili ardhi yao wapewe Wazungu wafugaji. Nyumba zilichomwa moto. Wameru walichanga fedha zao wenyewe, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliyewasaidia katika shauri hilo alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili hapa Moshi. Na mwaka 1967 Japhet na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo. Habari hizi hazikuwa siri. Hollywood ilipowasili na magari yake, hata miaka 10 ilikuwa haijatimia tangu moto ule.

Msomaji asidhani kwamba ninamtaka Hawks atengeneze filamu ya kesi ya ardhi. Ninasema jambo la sanaa. Nyumba ambayo haidaiwi chochote na jirani yake haina jambo linaloweza kutokea ndani yake ila michezo ya mapenzi. Mtunzi aliyewafuta majirani ili nyika ionekane tupu amejinyima pia mgogoro, amejinyima hofu, amejinyima aibu, na hayo ndiyo mambo yanayoifanya hadithi isimame. Akibaki na wanyama tu, hana budi kumrudia kifaru kila hadithi inapolegea. Na ndivyo filamu hii ifanyavyo.

Waafrika, kwa hakika, wamo. Wanashika kamba, wanabeba mizigo, wanafungua vizimba, wanacheza ngoma. Hapana hata mmoja aliyepewa hadithi yake mwenyewe. Lugha yetu nayo imepewa kazi ya kibao cha mlangoni: inatoa jina la filamu, kisha mazungumzo yote yenye maana yanaendelea kwa Kiingereza. Pahali pamoja tu inaelekea kwamba mambo yatabadilika. Dallas amekuwa akiwalea watoto wa tembo waliofiwa na mama, na Warusha, kwa kuona hayo, wanampa jina la Mama Tembo. Kupewa jina kwetu si mzaha. Apewaye jina hutiwa katika hesabu ya watu, na wajibu humfuata. Hapa mgeni mmoja wa nyumba ile alikuwa amevuka kizingiti kwa mara ya kwanza. Filamu inalifanya jambo hilo kuwa kichekesho cha dakika chache, na jina lile halimdai Dallas kitu chochote mpaka mwisho wa hadithi.

Wakati huohuo, nje ya fremu, nchi ilikuwa ikigeuka. Julius Nyerere alikuwa Waziri Kiongozi tangu Septemba 1960. Huku Uchagani, chama cha ushirika cha KNCU kilikuwa kikiuza kahawa ya wakulima tangu 1933, na gazeti la Komkya lilikuwa likisomwa miaka ya 1950. Septemba 1961, hapohapo Arusha, Nyerere alitamka kwamba wanyama wa porini ni amana mikononi mwa wananchi. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikapata uhuru, na mwenge ukawashwa Kibo. Filamu ilipofika katika sinema, watu wa nyumba ya Momella walikuwa tayari ni wageni katika nchi yenye wenyewe. Lakini wao hawajui.

Kuna watakaosema kwamba "Hatari!" ni burudani, na burudani haiulizwi maswali ya namna hii. Hoja hiyo ina ukweli, na watu wengi wameifurahia filamu hii bila kudhurika. Lakini anayetaka kutuburudisha kwa kutuonyesha watu wanaoishi pamoja ni lazima ajue kuishi pamoja ni kitu gani. Katika vihamba vya Kilimanjaro jambo hilo lina sura inayoonekana kwa macho. Maji ya mfongo hupita shambani kwa fulani kabla ya kufika kwa fulani. Kila mmoja ana zamu yake, na mfongo ukibomoka wote hutoka kuutengeneza. Mbege hunywewa pamoja, lakini anayekunywa anajulikana kama alitoka siku ya kazi au alijificha. Wahenga wamesema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo haimfukuzi mgeni. Inamheshimu, kwa maana anayepewa jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu. Wakazi wa nyumba ya Momella wako katika siku yao ya pili toka mwanzo wa filamu hadi mwisho wake.

Ugonjwa huu haukuishia mwaka 1962, wala hauwapati Wamarekani peke yao. Mwaka 2002 Mfaransa Cédric Klapisch alitoa filamu ya "L'Auberge espagnole", juu ya Xavier, mwanafunzi wa Paris anayekwenda Barcelona kwa mwaka mmoja katika mpango wa Erasmus, ulioanzishwa mwaka 1987 ili wanafunzi wa Ulaya wabadilishane vyuo. Anakaa nyumba moja na Mwingereza, Mjerumani, Mwitalia, Mdenmaki, Mbelgiji na Mhispania. Twaitambua mara moja nyumba ile: meza ni ileile, ugomvi wa jokofu umeshika mahali pa ugomvi wa gari, na mapenzi yanapokezana vilevile. Filamu hiyo ina uchangamfu, lakini nayo inachosha kwa sababu ileile, maana mji wa Barcelona kwao ni mandhari. Pahali pamoja tu mji unabisha hodi. Mwalimu wa chuo anakataa kufundisha kwa Kihispania, na anafundisha Kikatalani, lugha ya wenyeji, wageni wanalalamika. Katika mjadala unaofuata anasema kijana mwenye asili ya Gambia, aelezaye kwamba yeye ana utu wa Kigambia na pia ana utu wa Kikatalani, na kwamba mambo hayo mawili hayagombani. Husema maneno machache tu kisha hadithi inampita. Lakini mtu huyo amejifunza lugha ya jirani, amekaa, amepewa jembe. Laiti Klapisch angalimfuata yeye mpaka nyumbani kwake, angaliipata filamu aliyokuwa akiitafuta.

Na sisi tungalikuwa na filamu hiyo hapahapa. Mwaka 1963, mwaka mmoja tu baada ya "Hatari!", chuo cha usimamizi wa wanyamapori kilifunguliwa Mweka, juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mwingereza, Hugh Lamprey. Wanafunzi walikuwa vijana wa Kiafrika kutoka nchi mbalimbali, waliokuja kujifunza kazi ambayo mpaka wakati huo ilikuwa imeshikwa na Wazungu. Nao pia walikaa pamoja ugenini, kila mmoja na lugha yake. Nao pia kazi yao ilikuwa wanyama wale wale. Tofauti ni kwamba walikuwa na deni. Nchi changa zilikuwa zikiwangoja, na kijana wa kijijini ambaye tembo amekula mahindi ya mama yake alipaswa kurudi kwao kama mlinzi wa tembo. Hapo ndipo palipo na hatari yenye kustahili jina, kwa kuwa inaingia ndani ya mtu na kulala naye bwenini.

Hata mmoja wa wachezaji wa "Hatari!" alilitambua jambo hili kwa njia yake. Hardy Krüger, aliyefariki mwaka 2022, aliipenda Momella, akanunua shamba huko baada ya filamu, akajenga nyumba ya wageni, akakaa miaka kadhaa katika Tanzania huru. Mchezaji aliingia siku ya tatu, ambayo mhusika wake hakuifikia. Na Seaton, yule wakili wa Moshi, alikuwa ameifikia mapema zaidi: mtu wa kisiwa cha mbali, aliyefanya shauri la Wameru kuwa shauri lake, na ambaye baadaye alikuwa jaji katika nchi hii. Watu wa namna hiyo wapo katika historia yetu; wanangoja watunzi.

Jambo hili lina maana kwetu leo. Katika mitaa ya Moshi zimo nyumba wanamokaa vijana kutoka Ulaya na Marekani, wanafunzi na watu wa kujitolea, mataifa matano au sita chini ya paa moja, wengine wakienda hospitalini, wengine mashuleni, wengine wakingoja kupanda mlima. Bila shaka iko siku mmoja wao ataandika kitabu au kutengeneza filamu juu ya maisha hayo, na Kibo kitaonekana nyuma ya baraza. Hatuwezi kumzuia, wala hatuna sababu ya kumzuia. Lakini mpishi wa nyumba ile, mlinzi wa langoni, na mwanafunzi wa Kichagga anayewafundisha Kiswahili jioni wanazijua hadithi zao zote, na pia wanajua yasiyosemwa mezani. Mwanafunzi wetu wa fasihi atakayeiandika nyumba hiyo kutoka jikoni, kwa lugha inayosemwa huko, na bila kumdhalilisha mgeni, atakuwa na mambo yote ambayo Hawks aliyaacha nje ya mlango. "Hatari!" naitazamwe katika vyuo vyetu kwa ajili ya vifaru wake na mitaa ya Arusha, kisha mwalimu awaulize wanafunzi wake wahesabu ni nani wamo katika picha hiyo bila jina, na kila mmoja amchague mmoja wao na kumwandikia hadithi yake.